Siku Mfumo Ulipomkosa Mzee wa Nkololo

Vijana wa kitengo cha kompyuta cha hospitali, siku ya kuniaga mliniambia niandike nilichokiona kazini. Nikakubali kwa sababu nilikuwa nimeshika sahani ya pilau na sikutaka kubishana huku inapoa. Sasa nimekaa nyumbani hapa Bariadi na mke wangu ananiuliza kila siku naandika nini. Nikamwambia naandika jinsi nilivyoogopa. Akasema basi karatasi hazitatosha. Ananijua huyu mama.

Shule niliishia darasa la nne, ng'ombe wa baba wakanichukua. Maneno ya kitaalamu nimeyaandika kama nilivyoyasikia kwa Tabitha, na kama nimeyakosea mtayarekebisha wenyewe, ndiyo maana mkasomeshwa. Habari za vyeo hamtazikuta humu. Mimi nilikuwa mtu wa jenereta, na watu waliendelea kuniita mtu wa jenereta hata nilipokuwa nashinda chumba cha seva kuliko kwenye jenereta lenyewe.

Aliyenifundisha kazi anaitwa Fundi Alfonsi, mtu wa Binza kule Maswa, mrefu, mkavu, ana kikohozi cha dizeli. Siku ya kwanza hakunionyesha spana wala nini. Alinishika mkono akaubandika kwenye ubavu wa injini inayounguruma, akaniacha hapo mpaka kiganja kikawa na ganzi. Akasema ukishajua inavyotetemeka ikiwa nzima, utaijua ikiwa inaumwa. Halafu umeme ulipokatika, badala ya kunipeleka kwenye jenereta akanituma nikasimame mlangoni pa chumba cha upasuaji. Nikamuuliza nikafanye nini. Akasema kasikilize watu wanavyonyamaza. Nikaenda, nikasikiliza. Wewe ambaye hujawahi kusikia kimya kile, cha watu wazima wamesimama gizani mikono yao ikiwa ndani ya mtu, sina namna ya kukueleza. Jenereta sijaliogopa maisha yangu yote. Kinachosubiri upande wa pili wa waya, hicho nimekiogopa mpaka leo.

Alfonsi alistaafu kabla ya mashine ya seva kuja. Alikuwa na bahati.

Mashine ilipoletwa iliwekwa kwenye iliyokuwa stoo ya mashuka, kwa sababu kile ndicho chumba pekee kilichokuwa na mlango unaofunga. Wakaweka kiyoyozi, wakapitisha waya kwenye dari, na sisi tukaambiwa majalada ya makaratasi yamekwisha, sasa kila mgonjwa atakaa humo ndani. Usifikiri watu walifurahi. Mama mmoja wa usafi, Mama Ng'walu, alikataa kabisa kuingia na ndoo yake. Alisema kile kitu kinapumua. Na kweli kilikuwa kinapumua, ile feni yake, hata mimi nilipobaki nacho peke yangu nilikuwa nasimama karibu na mlango. Wagonjwa wengine waliogopa kutoa majina. Mzee mmoja aliyekuja na fimbo alisema jina lake liko kwake na kwa mizimu ya ukoo wake, kwenye sanduku haliendi, akatibiwa akiwa ameandikwa Babu.

Matroni wetu, mama msafi kupita kiasi, alipoona vumbi la pamba linatua juu ya mashine akaleta kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya njano kwenye pindo, akaifunika vizuri kama watu wanavyofunika televisheni sebuleni. Ilipendeza. Ikapendeza siku chache, halafu ikaanza kuzima mchana jua likiwaka, maana matundu ya kupitishia hewa yalikuwa yamezibwa na maua. Mtaalamu alikuja kutoka Mwanza, akaangalia, akakitoa kile kitambaa kwa vidole viwili akamrudishia matroni bila kusema neno. Tukajifunza. Vumbi lenyewe tuliendelea kulipuliza kwa pampu ya baiskeli, na mkitaka ushauri wangu, pampu ya baiskeli bado ni nzuri kuliko kile kikopo cha hewa mnachonunua.

Sasa Tabitha. Mnamfahamu kama mkubwa wenu, lakini mimi nilimpokea akiwa binti mwembamba kutoka Njombe, anahema na joto la Bariadi kama kuku wa kizungu. Nilidhani atakimbia. Hakukimbia. Na siku ya kwanza kabla hajakaa kwenye kiti aliweka kiganja chake juu ya ile mashine, akaisikiliza inavyotetemeka. Nikamkumbuka Alfonsi nikaamua huyu nitambebea vifaa.

Alikuwa na tabia ya kueleza anachofanya, nadhani ilikuwa inampunguzia woga, kwa hiyo nikajikuta nimejifunza bila kuulizwa. Aliniambia, baba, mfumo wanaouona madaktari ni mlango tu. Kanzidata ndiyo stoo iliyo nyuma ya mlango, na kuna mlinzi wa stoo, ile programu inayopokea maombi na kutoa vitu. Watu wakisema mfumo umegoma, usikimbilie stoo. Angalia kwanza umeme, angalia waya, angalia kama mashine inaitikia ikiitwa kutoka kompyuta nyingine. Halafu mwangalie mlinzi kama yuko macho. Akiwa amelala, usimwamshe kwa mateke, kasome kwanza alichoandika kabla hajalala, kwa sababu ile mashine ina mahali inapoandika malalamiko yake yote, na mstari wa mwisho ndio unaosema ukweli. Hayo maneno nimeyarudia kwa kila kijana aliyekuja kitengoni. Wengine walicheka kwamba mtu wa jenereta anafundisha. Sawa. Yalikuwa ya Tabitha, mimi nilikuwa nayabeba tu kama nilivyobeba kisanduku chake cha bisibisi.

Siku niliyotaka kuwaeleza ni ya msimu wa pamba. Mchana, mabati yanalia kwa jua. Umeme ukakatika. Nililiwasha jenereta, likashika vizuri, taa zikarudi. Lakini katikati ya kukatika na kurudi kuna ile nafasi ndogo ambayo betri ya akiba, mnayoiita yupiesi, inatakiwa kuishikilia seva. Betri zilikuwa zimechoka. Tulikuwa tumeshaomba nyingine, tukajibiwa subirini. Siku ile hazikushika hata kidogo. Mashine ilianguka ikiwa katikati ya kuandika, ikaamka umeme uliporudi, feni ikaunguruma, na mimi mjinga nikasema moyoni tumepona.

Ndipo nikasikia mapokezi wanaanza. Mfumo haufunguki. Mfumo haufunguki na huku. Tabitha alipita mbele yangu akiwa ameshika kandambili mkononi.

Na wakati huohuo ikaingia pikapu kutoka Nkololo.

Nyuma walikuwa wamemlaza mzee mmoja juu ya magunia, na shuka iliyofungwa tumboni mwake ilikuwa imelowa mpaka inang'aa. Jirani yake mwenye pikapu ndiye aliyesema yote. Mzee anaitwa Maduhu Jilala. Alikuwa anamfunga nira fahali wa mkokoteni, fahali akageuka akampiga pembe. Mtoto wa mzee yuko Meatu kutafuta ng'ombe waliopotea, simu yake haipatikani. Aliyeongozana na mgonjwa ni mkwewe, mke wa huyo mtoto, anaitwa Minza, mwanamke kijana mwenye khanga ya kijani, ambaye alishuka akakaa kwenye benchi la korido, akaangalia sakafu. Mzee mwenyewe alikuwa anaguna tu, hajibu kitu.

Daktari Elia alitoka, akamfunua mzee uso, na nikaona amebadilika. Akasema huyu namjua. Mwaka uliopita alimfanyia upasuaji wa ngiri, akampa dawa mbili zikifuatana, ya usingizi na ya kuzuia vijidudu, na moja kati ya hizo ikamfunga koo mzee akawa wa bluu, wakamrudisha kwa shida. Baadaye walimpima wakajua ni ipi, na Daktari Elia mwenyewe akaiandika kwenye mfumo kwa ile alama nyekundu ya hatari. Wagonjwa aliowaona tangu hapo hawahesabiki. Sura ya mzee aliikumbuka, na jinsi alivyokuwa wa bluu, ila dawa ipi kati ya zile mbili hakuikumbuka. Na zote mbili mzee alizihitaji tena siku hii, na za kubadilisha hazikuwepo stoo ya dawa. Kuagiza Mwanza, mzee angekuwa amekwisha.

Kwa hiyo nataka mwelewe tulichokuwa tunakitafuta. Tulitafuta jina moja la dawa, mstari mmoja kwenye ile mashine, na stoo yake haifunguki.

Daktari alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, ana damu kwenye viatu. Akasema, "Tabitha, nahitaji mstari mmoja tu."

Tabitha hakugeuka. Akasema, "Ulikuwepo, daktari. Sijui kama bado upo."

Waya zilikuwa nzima. Mashine iliitikia ikiitwa. Mlinzi wa stoo ndiye alikuwa amelala, kila akiamshwa anaanguka tena. Tabitha akaenda kusoma malalamiko. Mstari wa mwisho ulisema hakuna nafasi. Diski imejaa. Ile diski ya nje ya kuhifadhia bakapu, zile nakala za akiba, ilikuwa imeshajaa siku nyingi bila kusema, na bakapu zote zikawa zinarudi kulala mle mle ndani, zinarundikana juu ya kanzidata yenyewe kama magunia ya pamba yanavyorundikana mpaka mwenye nyumba akose pa kulala. Akazihamisha za zamani kwenye kompyuta yake. Mlinzi akaamka, akasimama kidogo, akaanguka. Safari hii aliandika malalamiko mengine, kwamba faili la wagonjwa limevunjika, lilikuwa linaandikwa umeme ulipokatika.

Kiyoyozi hakikuwa kwenye jenereta, kwa hiyo chumba kilikuwa kama tanuri. Nilichukua boksi la glovu nikaanza kuipepea mashine. Msicheke. Nilipepea mpaka bega likafa ganzi, na nilikuwa nashukuru kwamba mikono yangu ina kazi.

Tabitha aliniambia kuna programu ya kulitengeneza faili lililovunjika. Ila inatengeneza kwa kukata, kipande isichokielewa inakitupa. Kwa hiyo kabla ya kuigusa alitaka kwanza anakili kila kitu pembeni. Kunakili kunachukua muda. Daktari alikuwa amerudi tena, akaona ule mstari wa kunakili unavyojivuta kwenye kioo, akauliza anakili nini wakati mtu anakufa.

Tabitha akamwambia, "Nikikosea bila nakala, daktari, hatakufa huyu peke yake."

Nilidhani daktari atamtukana. Akaegemea ukuta, akafumba macho, halafu akaondoka taratibu kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Tukakaa tunaangalia mstari unavyotambaa. Nimewahi kukaa na ng'ombe anayezaa vibaya usiku kucha porini, fisi wanalia. Nilikuwa na nafuu kule.

Nakala ikaisha. Akaendesha ile programu ya kutengeneza. Mwishoni ikaandika kwamba mistari kadhaa imeshindikana na imeachwa. Haikusema ni ya nani.

Mlinzi akasimama, na safari hii hakuanguka. Kutoka mapokezi tukasikia watu wanashusha pumzi, mfumo umerudi, mfumo umerudi. Mtu mmoja akapiga makofi. Tabitha tayari alikuwa anaandika jina. Maduhu Jilala.

Hakuna.

Akageuza, Jilala Maduhu. Hakuna. Akaandika Maduhu peke yake na Nkololo. Wakatoka Maduhu wengine, mmoja mtoto wa kuhara, mwingine kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu. Mzee hayupo. Akajaribu kuandika kwa namna nyingine zote ambazo kijana wa mapokezi anaweza kukosea. Hakuna, hakuna.

Akaondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. Akasema, "Nimemfuta, baba."

Nilitaka kumwambia hapana. Lakini na mimi ndivyo nilivyokuwa naamini, kwamba kati ya ile mistari iliyoachwa, mmoja ulikuwa wa yule mzee aliyelala kwenye magunia, tumeukata kwa mkono wetu tukiwa tunajaribu kumsaidia. Ile nakala aliyohifadhi ingeweza kuchimbwa, alisema, lakini kuchimba faili lililovunjika si kazi ya mchana mmoja.

Alijaribu njia nyingine. Akaita wagonjwa wote wanaume wazee wenye alama nyekundu. Likatoka kundi la majina na dawa zao tu, Daktari akaitwa akayasoma akiwa amesimama, mikono juu kwa sababu alikuwa ameshanawa. Wengine walikuwa na dawa ya usingizi, wengine ile ya vijidudu, wengine vitu tofauti kabisa. Akasoma mpaka mwisho. Maduhu hayumo, na sura hazionekani kwenye majina. Akasema hawezi kubahatisha kwa kuokota jina la mtu mwingine. Wanamsafisha mzee jeraha, wakimaliza, yeye atachagua mwenyewe dawa ya kuacha na kama atakosea atabeba. Alisema hivyo polepole bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Tabitha akanituma korido nikaulize kama mzee ana jina jingine. Yule jirani alisema hapana, ni Maduhu tangu wanachunga pamoja. Nesi aliyekuwa pale akamnyooshea kidole Minza, akasema huyu dada tangu afike hataki kusema hata jina la mgonjwa wake, sijui amekuja kufanya nini. Alisema kwa ukali wa uchovu tu, maana na yeye ni Msukuma, alijua kama nilivyojua. Kwetu mwanamke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hata kama nyumba inaungua hatamwita. Anaweza kuishi naye boma moja mpaka azeeke na lile jina lisipite kwenye meno yake.

Nikachuchumaa mbele ya benchi, nikamsalimia kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu." Akaitikia bila kuinua uso. Nikamwambia sikuombi jina lake, najua. Nataka tu kujua kama kuna jina jingine watu wanamwita. Akatikisa kichwa. Basi, nikainuka. Sikuona cha kumuuliza zaidi, na miguu yangu ilikuwa inataka kurudi kwenye boksi langu la glovu.

Nilikuwa nimefika kwenye kona aliposema, "Baba."

Nikarudi.

"Nikikuambia, mtanifunga?"

Nikamuuliza tumfunge kwa kosa gani. Akaangalia huku na huku, akavuta khanga mpaka kwenye mdomo. Akasema ile mara ya ngiri yeye ndiye aliyemleta mzee. Mume hakuwepo wakati ule pia, hayupo kila ng'ombe wakipotea, na wanapotea sana. Mzee alikuwa amejikunja kwa maumivu, hasemi. Kijana wa mapokezi akamuuliza jina la mgonjwa. Nyuma yake foleni, watu wanasukuma, kijana anasema sema mama, sema, wengine wanasubiri. Na yeye lile jina haliwezi.

"Nikasema jina la baba yangu mzazi."

"Anaitwa nani?"

"Bundala Kishosha. Alishakufa. Nikaona hatalihitaji."

Halafu akasema jambo ambalo sijamwambia mtu mpaka leo, naliandika hapa kwa sababu ni lake na lilikuwa zito. Alisema tangu asubuhi, tangu fahali ageuke, anafikiria kwamba yeye ndiye aliyefanya. Amempa mtu aliye hai jina la marehemu, limeandikwa kwenye mashine, na kilichomchukua Bundala kimekuja kuulizia. Alikuwa anaamini hivyo, na alikuwa pia anaamini kuna polisi wa watu wanaodanganya majina hospitali. Vyote viwili kwa pamoja vilikuwa vimemkalia kifuani na bado akaniita nirudi. Mimi sijui kama ningeita.

Nilikimbia. Mzee mzima na magoti yangu haya, kwenye korido yenye ndoo za Mama Ng'walu. Nikaingia nikasema Bundala Kishosha, na Tabitha hakuuliza chochote, vidole vikaandika. Jina likatoka. Mwanaume, Nkololo, ngiri, alama nyekundu. Alikuwa kwenye lile kundi la majina. Macho yetu yote yalikuwa yamempitia.

Ilikuwa ile ya kuzuia vijidudu, ambayo mbadala wake ungeweza kufuatwa Mwanza mzee akiwa ameshapasuliwa.

Tabitha alikwenda mwenyewe mpaka mlango wa upasuaji kulisema jina la dawa, hakutaka lipite kwa mdomo mwingine. Mimi nilibaki nyuma yake, mahali pale pale ambapo Alfonsi alinisimamisha. Nesi aliitoa ile chupa ndogo kwenye sinia, akaipeleka kuiweka dirishani, mbali kabisa, ameishika kama unavyotoa nyoka ndani kwa fimbo. Daktari akauliza, una uhakika ni yeye? Tabitha akasema ndiyo. Akauliza tena. Akasema ndiyo, mkwewe amesema. Mlango ukafungwa.

Minza nilimkuta bado amekaa. Nikamwambia hakuna polisi. Akaniuliza kama tumeshalitoa lile jina. Nikasema bado. Akalia sasa, kwa mara ya kwanza.

Ile mistari iliyoachwa ilikuja kuonekana ni ya asubuhi ile, watu waliokuja na mafua na vidonda, tukawarudisha mmoja mmoja kwa kuwauliza mapokezi na wauguzi. Betri mpya zikaja, maana Daktari alikwenda kuzifuata ofisini na viatu vile vile. Na ninyi mkiona kwenye usajili kuna nafasi ya kuandika aliyemleta mgonjwa na uhusiano wao, na maelekezo kwamba mkwe asilazimishwe kutaja, amwombe mwingine ataje, sasa mnajua ilikotoka. Kuna kijana mmoja aliniambia ile nafasi inachelewesha foleni. Inachelewesha, ndiyo. Iache hivyo hivyo.

Siku chache baadaye Tabitha alichukua laptopu kwenda wodini kurekebisha jina, nikamfuata kwa sababu Kiswahili cha yule mzee ni kifupi na Kisukuma cha Tabitha hakipo. Mzee alikuwa ameegemea mto, amekonda, macho makali. Minza alikuwa anamlisha uji. Tukasalimiana kwa mapana, Tabitha akiitikia anavyojua. Halafu akafungua laptopu akamwomba mzee amtajie majina yake kamili.

Minza aliweka kijiko ndani ya bakuli, akainuka, akatoka nje. Mzee akasubiri mpaka mlango ukafunga. Ndipo akasema jina lake, kwa sauti ndogo, kwa sababu dirisha lilikuwa wazi.

Tabitha akaandika. Mzee akauliza hapo kwenye mashine alikuwa anaitwa nani siku zile. Nikamwambia. Akasema kumbe. Siku ile ya ngiri, akaeleza, alipokuwa mbali kule kwenye usingizi, alisikia wanawake wanaita, Bundala, amka, Bundala, fumbua macho. Wauguzi walikuwa wanasoma kwenye karatasi yake. Na yeye Bundala alimzika kwa mikono yake.

"Nikajua nimefika kwao," akasema. "Nikafumba zaidi. Nikasema mwenyewe ataitika."

Nilimtafsiria Tabitha. Alitaka kucheka, akamwangalia mzee, akaacha. Mzee hakuwa anatania. Akaniuliza binti anataka kufanya nini sasa na Bundala. Nikasema atamfuta hapo na kumweka yeye. Mzee akaikazia macho ile laptopu kwa muda.

"Mwambie kwanza amwambie Bundala," akasema.

Nikamwambia Tabitha. Mtu wa Njombe, mwalimu wa shule ya Jumapili. Aliinamisha kichwa karibu na kioo, mpaka pumzi yake ikaacha ukungu, akasema kitu kwa lugha ya kwao ambacho sikukisikia wala sikuuliza. Halafu akasubiri kidogo, sisi wote tukasubiri naye, na ndipo akabonyeza.